Darasa Lililofungwa kama Miraa

Mwalimu Gatwiri alikuwa na darasa moja la Kiswahili lenye madarasa matatu ndani yake. Walikuwamo watoto wa wenye maduka pale Laare, waliomaliza kusoma hadithi kabla mwalimu hajaketi. Walikuwamo waliojua Kiswahili cha redio tu. Kisha kulikuwa na kina Kiende, watoto wa mashamba ya juu, ambao nyumbani ni Kimeru kuanzia uji wa asubuhi hadi sala ya kulala. Akiwashika wa kwanza, wa mwisho husinzia. Akiwarudia wa mwisho, wa kwanza huligeuza darasa soko. Mshika mbili moja humponyoka, naye alikuwa ameshika sitini.

Aliwahi kupelekwa semina kwa ajili hiyo. Mkufunzi, bwana wa tai nzuri aliyezoea kufundisha watu wazima wanaongoja chai ya saa nne, alisema kila mtoto afundishwe kwa kiwango chake. Gatwiri akaitikia kwa kichwa, akala sambusa zake, akarudi Laare.

Ndipo ikatangazwa kwamba afisa wa elimu atakuja kumkagua akifundisha. Kiti cha naibu wa mwalimu mkuu kilikuwa wazi, na Gatwiri alikitaka hadi akakiota. Alikuwa amechoka kula vumbi la chaki.

Sasa, mama yake alikuwa mfungaji wa vitita vya miraa vya kuuza, na katika nyumba kama hiyo mtoto hakui bila kujua siri ya wafungaji wasio na haya: vijiti vilivyonona hukaa nje, vilivyokonda hufichwa katikati, jani la mgomba likakunjwa juu, na mnunuzi akaenda zake akitabasamu. Asubuhi ya ukaguzi Gatwiri alilifunga darasa lake vivyo hivyo. Wale hodari akawaweka mbele, nyuma na kando ya madirisha. Kina Kiende akawakusanya katikati.

"Nyinyi mnyamaze tu, sawa?" akawaambia. "Mgeni akienda, kuna mandazi."

Afisa mwenyewe, Bwana Mutwiri, alikuwa mtu mpole wa tumbo kubwa. Alipouliza swali mbele, alijibiwa. Alipouliza nyuma, alijibiwa na kuongezewa methali mbili ambazo hakuziomba. Gatwiri alikuwa ameshakikalia kile kiti moyoni.

Mutwiri akafunga kalamu yake, akajipenyeza kati ya madawati hadi katikati ya darasa.

"Madam, hata mimi nimesomeshwa na miraa," akasema. "Nikinunua, naangalianga katikati kwanza." Akamwinamia Kiende. "Na wewe, mbona hujasema kitu?"

Kiende akamtazama mwalimu, akamtazama mgeni, akasimama.

"Mwalimu ametuambia sisi wa katikati tunyamaze mpaka mgeni aende, halafu atatupatia mandazi," akasema, bila kukwama hata mara moja.

Afisa akafungua kalamu tena, akaandika kwa muda mrefu. Gatwiri aliona kiti chake kikienda, na aibu ikamchoma masikio. Lakini tangu Januari alikuwa akimbembeleza mtoto huyu aseme sentensi moja tu hadi mwisho, na mdomo wa ualimu ukamtangulia.

"Vizuri sana, Kiende," akasema, na alimaanisha. "Mpigieni makofi."

Darasa zima likapiga, na waliopiga kwa nguvu zaidi ni wale wa katikati.