Muyonza Katika Msiri wa Mjane

Aliyeagiza miyonza ya rweya yetu ing'olewe alikuwa katibu tarafa. Lawama si ya wanakijiji, wala si ya mama mmoja mkaidi, kama inavyosemwa siku hizi. Nilikuwa bwana nyama, mlinzi wa wanyamapori, wa tarafa ile ya Muleba, nilikuwepo, na sitawastahi tena wanaopotosha nililolishuhudia.

Rweya ni nyika ya majani inayotenganisha migomba ya kijiji kimoja na ya kijiji kingine. Huko wanawake walilima mashamba yao ya njugu mawe, tunayoyaita misiri, na huko iliota miyonza: vichaka vya miiba migumu, maua meupe yenye harufu nzuri na matunda meusi matamu. Mgeni aliona fujo tu. Mimi niliona kwale wakijitosa chini yake mwewe anapopita, na pongo jike akimlaza mtoto wake ndani, mahali ambapo mbwa wa wawindaji hawakuthubutu kupenya.

Ujamaa ulipotufikia, nyumba zilijengwa kwenye rweya kwa mstari. Sikuupinga ujamaa, na siupingi leo. Lakini katibu tarafa alitaka miiba iondolewe hata pasipojengwa, ili msafara wa wakubwa kutoka Bukoba ukute kijiji kinapendeza. Nilimweleza kwamba pongo wakikosa maficho wataingia kwenye migomba na kula maharage. Akanijibu nikachunge wanyama wangu, yeye anachunga watu.

Mjane mmoja alisimama mbele ya muyonza mkubwa uliokuwa katikati ya msiri wake, jembe begani.

"Mama, kumbe umeshajijengea," katibu akamtania. "Nyumba ya miiba hii ina vyumba vingapi?"

"Vinatosha, mwanangu. Wapangaji wangu huamka kabla ya jua. Wewe tumekungoja hapa tangu asubuhi."

Wanawake waliokuwa wakipalilia wakacheka, wengine wakajifunika nyuso kwa kanga. Kicheko kile ndicho kilichompokonya mjane shamba. Papo hapo katibu alitangaza kuwa msiri ule umekuwa mali ya kijiji, na muyonza ukang'olewa mwenyewe akitazama.

Msimu uliofuata pongo waliingia kwenye migomba. Katibu akaamuru wasakwe kwa mbwa na nyavu, wakaisha. Kwale hatukuwasikia tena.

Juzi, kwenye sherehe ya kupanda miti, afisa mmoja kijana alisema kwenye kipaza sauti kwamba wazee wetu walimaliza wanyama kwa uroho, na kwamba mjane yule alinyang'anywa shamba kwa kuhujumu kijiji. Binti wa mjane alikuwa ameketi kando yangu. Kila anapoiomba ofisi ya tarafa imrudishie msiri, jibu huwa hilo hilo la uhujumu. Nikasimama, nikasema si kweli.

"Mzee wetu, keti, muda hautoshi," afisa akaniambia.

Sikuketi. Nilisema yote haya bila kipaza sauti, na walionizunguka walisikia.

Mche wa muyonza nimekwisha kumpa binti. Sasa naitaka ofisi ya tarafa itamke hadharani nani aliyetoa amri ile, imsafishe jina marehemu mjane, imrudishie binti yake msiri, na ieleze kwa maandishi ni nani ofisini humo aliyeendelea kumnyima, na kwa mamlaka gani.