Mama Uzi na Macho ya Ghorofa la Jirani

Saa moja asubuhi Mama Uzi amechutama kwenye tundu la dirisha, ghorofa ya tatu ya jengo la jirani, ameshika ncha ya uzi mwekundu. Ncha ya pili anayo muuguzi mwenye kiwanja, chini, kwenye kiti cha plastiki kilichowekwa mahali kitakapokaa kitanda cha mabinti zake.

Uzi unanyooka juu ya ua wa ndani hadi dirishani mwa chumba. Haugusi ukuta wowote.

“Mabinti wangu wataonekana?” anauliza muuguzi.

“Wataonekana, dada. Mpaka vidole vya miguu.”

Nyumba inayojengwa inaonyesha mtaani ukuta mtupu, vyumba vyote vinatazama ua wa ndani. Kabla ya kuichora, Mama Uzi alipita nje mara kumi akichungulia kama mwizi, ajue mpita njia angeona nini. Juu hakutazama. Wakati huo jirani alikuwa na kibanda cha bati tu, na sasa kibanda hicho kimezaa ghorofa.

Kosa linamchoma kwa sababu analifahamu. Miaka kumi na tisa iliyopita, ofisi ya ramani ya mji iliidhinisha ghorofa nyuma ya nyumba ya mama yake. Mama Uzi alipolalamika, ofisa hakuinua hata kichwa: “Wekeni pazia.” Mama yake akaishi miaka minane gizani mchana kweupe. Kwenye vitabu vyao, maskini kuchunguliwa akivaa si kosa. Kosa ni kujenga bila muhuri.

Ndipo akajifunza kuchora, kwa kunakili ramani zilizotupwa na wenye vyeti. Mwaka jana alichora nyumba kumi na moja. Zilizojengwa ni tatu.

Anashuka. Lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inamwagwa saa tano.

“Leo uzi umemfunga mwenyewe,” fundi mkuu anatania. Vibarua wanacheka.

Muuguzi hacheki. “Kutwa wodini nawasitiri watoto wa watu. Wangu niwaache wazi?”

“Nimekosea, dada. Hamishia kiti jikoni, chini kabisa ya ukuta wa jirani.”

Kibarua anapanda na ncha ya uzi, wanapima tena. Safari hii uzi unakwama kwenye ukuta wa jiko.

“Ukitaka mtu mrefu asikuone, kaa miguuni pake,” anasema Mama Uzi. “Jiko liende kule, mabinti waje huku.”

Muuguzi anamgeukia fundi mkuu. “Fundi, simamisha zege.”

Jumatatu Mama Uzi atapeleka ramani mpya katika ofisi ileile. Hana hakika kama itapokelewa.

“Sitaki shukrani,” anamwambia muuguzi anayemshukuru, akikunja uzi. “Nataka mabinti zako wakue wakiwa wamesahau kuwa wana jirani.”