Siku Mama Alipoalika Kanisa Zima Rashidiya

Nilifanya kazi Dubai miaka tisa, na nimerudi nyumbani kwa jasho langu, si kwa mchango wa wanakijiji. Nasema hivyo kwa sababu wapo walioniaga kana kwamba wananizika. Nilikwenda na diploma ya usimamizi wa hoteli, niliyojilipia mwenyewe kwa kuuza mayai ya kuchemsha stendi, na kufikia mwaka wa nne nilikuwa msimamizi wa jiko la kiamsha kinywa katika hoteli moja ya Dubai Marina. Wageni mia tatu kila asubuhi, na hakuna sahani iliyochelewa. Wengi niliosoma nao bado wanatafuta mtu wa kuwashika mkono.

Mwaka wa nane nilimpigia mama simu nikamwomba kiwanja. Ni kipande cha kando ya lami, kinachoshuka hadi mtoni, alichoachiwa na marehemu baba, naye hukipanda viazi vitamu. Nilitaka kujenga mkahawa pale. Mama hakukataa wala hakukubali.

"Mjomba wako naye alikuja na karatasi za chuo, akapewa shamba la nyanya yako afungue hoteli," alisema. "Leo pale pana mabati na mbuzi wa watu. Mimi sitoi ardhi kwa simu. Nitumie tiketi nije nione unavyoishi."

Nikatuma tiketi ya siku kumi, na nilijua nimeshashinda. Mtu akiiona Dubai yangu, nilijiambia, atanipa hata shamba la chai.

Nikamwonyesha Dubai ya wageni. Kwa punguzo la wafanyakazi nilimpatia chumba cha ghorofa ya ishirini na tatu, dirisha likitazama mashua za matajiri. Nikamtembeza kwenye maduka yenye baridi kama jokofu. Nikampeleka kuona chemchemi ambayo maji yake hucheza muziki. Asubuhi ya nne nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, mkoba mapajani.

"Mama, chumba hakikufai?"

"Chumba ni kizuri. Maji ni ya moto. Lakini siku tatu nimeona nyumba ndefu, sijaona mtu akisalimia mtu. Wewe unalala humu?"

"Hapana. Mimi nakaa Rashidiya."

"Sasa hapa nafanya nini? Nimekuja kukuona wewe ama kuona lifti?"

Nilirudisha ufunguo wa chumba, tukapanda metro. Njiani tulishuka Deira, kwa kuwa alitaka kuona mahali watu wanapofanya kazi. Kwenye gati la mizigo palikuwa na magodoro, matairi, mitungi ya mafuta ya kupikia na friji kuukuu zilizopangwa kama wanafunzi gwarideni, zote zikingoja kupelekwa bandari za Afrika. Mama alipita katikati yake taratibu, akigonga hiki na kile, kama anayenunua mbuzi. Karani aliyekuwa akihesabu friji alikuwa Mtanzania.

"Hizi zimetumika?" mama akamuuliza.

"Zimetumika, mama, lakini zinagandisha."

"Umezijaribu zote?"

Karani akanigeukia. "Kaka, huyu mama ni wa forodha?"

"Ni mama yangu mzazi."

"Basi pole. Umelelewa kwa ukaguzi."

Mama alicheka mpaka akashika friji asianguke. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu atoke uwanja wa ndege, nami nilikuwa nimehangaika siku tatu na maji ya kucheza muziki.

Rashidiya ni karibu na uwanja wa ndege, mtaa wa nyumba za chini zenye kuta na mitende. Sisi vijana sita tulikodi vyumba viwili na jiko nyuma ya nyumba ya mwanamke mtu mzima wa Unguja, aliyehamia huko akiwa bibi harusi, kabla maghorofa hayajaota. Tulimwita Bibi. Alimpokea mama mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibu, dada yangu, karibu ndani. Mwanao namjua mie. Msafi, mwenye adabu. Ila anajisifu, mwanakwetu!"

"Hiyo ni ya upande wa baba yake," mama akasema.

Mama alilala kwa Bibi siku zote zilizobaki. Wakawa kila asubuhi wanakunywa chai uani, mmoja akimtaja Yesu, mwingine akimsalia Mtume, na wote wawili wakinisengenya mimi.

Kiwanja hakikutajwa. Nikaamua Jumapili nimalize maneno kwa chakula. Nilipanga watu wanane: sisi sita, mama na Bibi. Asubuhi nilitoa mizani yangu ndogo ya jikoni, nikapima nyama ya ng'ombe.

"Hiyo mizani ni ya dawa?" mama akauliza.

"Ni ya nyama, mama. Kila mtu gramu mia mbili. Hakuna kinachopungua, hakuna kinachotupwa. Hivyo ndivyo biashara inavyoendeshwa."

"Na akija mtu mwingine?"

"Huku hakuna anayekuja bila kuarifu. Huku si kwetu."

Mama alifunga kilemba chake, tukaenda kanisani.

Kanisani kwetu kule, karibu wote Wakenya na Waganda, wageni husimama wakajitambulisha. Mama akasimama. "Mimi ni mama ya yule mwenye tai nyekundu," alianza, na watu wakageuka kunitazama, nami nikanyoosha tai. "Asanteni kwa kunitunzia mtoto. Lakini kwetu mzazi hashukuru kwa mdomo. Leo chakula ni kwa mwanangu, Rashidiya. Nyote."

Kanisa likapiga makofi. Nami nikapiga, nikijua Rashidiya ni mbali na watu wamechoka. Nilichosahau ni kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimewasimulia watu hao upishi wangu, na hakuna aliyekuwa ameuonja.

Walikuja ishirini na watatu. Wanakwaya, wahudumu wa hoteli, na walinzi saba waliokwisha kuvaa sare za zamu ya mchana.

"Chef, tumefika!" mmoja wao alipaza sauti getini. "Leo ni leo!"

Nilikimbilia jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, amekunja mikono.

"Mama, nisaidie basi."

"Mimi ni mgeni," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kile kiwanja kilikuwa juu ya jiko, na mama alikuwa amekaa anangoja kuona kama kitaungua.

Nikiri jambo moja: niliwaza kuwaambia watu gesi imekwisha. Bahati mbaya mtungi mpya ulikuwa nyuma yangu, bado na kifuniko chake. Basi nikavua tai. Nyama nikaikata upya, vipande vya ukubwa wa kunde. Mwenzangu Mganda nikamtuma bakala, lile duka la kona, alete kabichi, nyanya na trei tatu za mayai. Bibi alisikia kelele, akaja na sufuria kubwa, nusura isipite mlangoni.

"Hii ya futari, inalisha mtaa," akasema. "Usiniunguzie tu."

Unga tulikuwa nao, kilo kumi za mahindi ya nyumbani ambazo mama alizibeba kwenye sanduku. Nikaufungua wote. Wenzangu wakawa wananipigia kelele "yalla, yalla", yaani haraka kwa Kiarabu, huku mmoja akisonga ugali kwa mikono miwili kama anayepiga makasia.

Chini ya saa moja chakula kilikuwa mezani. Sitaki kujisifu, lakini mpishi wa kawaida angelia. Nilianza na walinzi, maana basi la zamu halingoji mtu, kama vile hotelini nilivyozoea kuanza na wageni wenye ndege.

"Chef, nyama umeificha wapi?"

"Chimba, utaipata."

"Nimepata moja! Nipigeni picha!"

Uwanja mzima wa Bibi ulicheka. Walikula mayai, kabichi na mchuzi wenye harufu ya nyama, na wawili wakarudi kuomba tena. Walipokwisha, mimi nilibaki na ukoko. Nikaukwangua, nikauchovya kwenye mchuzi uliobaki, nikala nimesimama. Mama akaja akasimama karibu yangu.

"Umeshiba?"

"Bado."

"Vizuri. Mjomba wako alikuwa anashiba kabla ya wateja." Akachukua kipande cha ukoko mkononi mwangu, akakila. "Viazi vikishakomaa, uvivune, uweke msingi. Lakini upande wa mto unabaki wangu."

"Mama, huko ndiko nilikochora maegesho ya magari."

"Chora tena."

Nilichora tena jioni hiyo hiyo kwenye meza ya Bibi. Mama aliishika rula mwenyewe kwenye mstari wa mto, akaibana kwa vidole viwili, nisije nikamwibia hata hatua moja.