Sare Iliyobaki Kizuizini

Nilirudi nchini na diploma ya injini za dizeli. Nalitaja hilo mwanzoni kwa makusudi, maana upande wetu wa Kisarawe hakuna aliyekuwa nayo kabla yangu. Baba alikufa ningali mdogo. Sikusomeshwa na mjomba wala na tajiri. Nilichoma mkaa, nikabeba nazi za watu, nikafaulu, nikapelekwa ng'ambo kwenye nchi ya theluji nikajifunza ufundi kwa lugha ya wenyewe. Wenzangu walishindwa, wengine wakarudishwa kabla ya kumaliza. Mimi nilimaliza.

Kazi nilipata kwenye karakana ya magari ya jeshi, Kibaha. Sikuwa askari. Tulikuwa mafundi wa kiraia, na sare yetu ilishonwa kwa kitambaa kilekile cha askari, kijani kilekile, ila mabegani hapakuwa na cheo. Badala yake tulibandika kifuani beji ya bati yenye picha ya spana na neno RAIA. Beji hiyo haikutoka getini. Jioni tuliitundika kwenye ubao wa mlinzi, asubuhi tukaichukua, kwa sababu wakubwa waliogopa ikiangukia mikononi mwa mtu baki ataingia nayo. Sare tuliruhusiwa kwenda nayo nyumbani, tukaifue. Na raia hakuruhusiwa kupiga saluti. Afisa akipita uliacha spana ukasimama wima, mikono chini, basi. Karani mmoja wa stoo alipiga saluti kwa kujipendekeza, akafyekeshwa nyasi za karakana nzima.

Askari walitutania. "We raia, hebu njoo huku." Mtu asiyejua nozeli ya kupulizia dizeli iko wapi kwenye injini aliniita raia kama anayefukuza kuku. Niliendelea na kazi yangu, maana lori likigoma wote walinijia mimi.

Mama yangu hakuwahi kuniona ndani ya sare ile. Nilikuwa nikienda kwake na shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi, kama msomi. Lakini habari alizisikia, na aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni mkubwa jeshini. Sikumsahihisha.

Alifariki wakati wa vita vya Kagera. Utingo wa lori la mkaa alikuja mpaka getini asubuhi akaniambia: mama ameondoka alfajiri, wanazika baada ya sala ya alasiri, na lori lao linarudi Mzenga, upande wa kwetu, sasa hivi. Nilitundika beji, nikatoka. Tulipita Mkuza, karibu kabisa na chumba changu. Ningeweza kumwomba dereva asimame nibadili nguo. Sikumwomba, na sababu naijua: nilitaka mama azikwe na mtoto aliyevaa kile alichokuwa akijivunia. Hata leo sioni ubaya wa kutaka hivyo.

Tulipoiacha Mlandizi nyuma tukaingia njia ya vumbi, tukakuta mti umelazwa barabarani. Kizuizi cha mgambo. Kiongozi wao alikuwa mkulima wa makamo, juu shati la mgambo lililopauka, chini kikoi, mkononi rungu. Kando yake alisimama mama mtu mzima, mgambo naye, amejifunga mkanda wa jeshi juu ya khanga.

"Ndugu, wewe wa kijani, teremka."

Nikateremka. Nikampa yule mama shikamoo, akaitika.

"Cheo chako kiko wapi?" kiongozi aliuliza.

"Sina cheo. Mimi ni raia."

Walicheka wote. "Raia ndani ya nguo za jeshi," alisema. "Basi na mimi ni bibi harusi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wameambiwa kwamba askari watoro hung'oa vyeo wakakimbilia vijijini, na kwamba mtu yeyote mwenye nguo za jeshi bila cheo azuiwe mpaka gari la jeshi lipite. Gari lenyewe hupita lini, hawakujua.

"Piga saluti tuone," alisema.

"Siruhusiwi kupiga saluti."

"Umekatazwa na nani?"

"Na jeshi."

Akawageukia wenzake, taratibu. "Mmemsikia? Jeshi limemkataza saluti. Hii mpya."

Nikasimama wima, mikono chini, kama tulivyofundishwa. Kikawa kichekesho kingine. Nikawaambia nina diploma ya injini za dizeli, kutoka ng'ambo.

"Ng'ambo wapi?"

Nikataja nchi. Vicheko vikakatika. "Huyu si mtoro," alisema mmoja wao. "Huyu katumwa kutupeleleza."

Dereva wa lori alijua habari ya msiba, akazima injini akanisubiri, lakini maneno yake hayakusaidia. Palikuwa na trekta la kijiji limekufa chini ya banda. Nikasema niacheni nilishike, mtaona mimi ni nani. Nililitengeneza kwa spana moja na kipande cha waya, likanguruma, watoto wakakimbilia kulitazama. Kiongozi alifurahi sana. Kisha akasema, "Hata jeshini mafundi wapo. Kaa pale."

Nikakaa. Jua lilikuwa limeshapinda. Nilimfikiria mama kwenye kitanda cha kuoshea, na watu wakiulizana kama nimepata habari.

Yule mama wa mgambo akaja akachuchumaa mbele yangu. "Mwanangu, wanazika saa ngapi?"

"Baada ya alasiri."

"Wewe ni mtoto wake wa ngapi?"

"Wa kwanza. Mwanamume ni mimi peke yangu."

Akanyanyuka. "Tumeambiwa tuzuie nguo za jeshi," alimwambia kiongozi. "Basi zibaki nguo. Huyu apite akamzike mama yake."

"Na gari likija likakuta nguo bila mtu?"

"Watanikuta mimi."

Akaingia nyumbani kwake akatoka na kanzu. "Ya mume wangu, yuko huko huko vitani. Nirudishie." Niliivua sare nyuma ya banda la trekta. Mali ya jeshi, wakati wa vita, niliiacha mikononi mwa watu nisiowajua.

Lori lilinishusha njia panda, nikakimbia. Jeneza lilikuwa limeshafika kaburini. Kanzu ilinifika magotini. Mjomba alinitazama juu mpaka chini.

"Tuliambiwa wewe ni mkubwa jeshini."

"Mimi ni fundi mwenye diploma," nilimjibu.

"Si hayo. Ingia, shika upande wa miguu."

Nikaingia, nikampokea mama.

Sikulala usingizi wa maana. Kulipokucha nilikwenda kumuaga dada yangu. Alikuwa jikoni na wanawake wa msiba, anapepeta mchele.

"Unakwenda wapi na khitma bado?"

"Nafuata sare. Wakiikuta bila mimi ni kesi."

"Udongo wa mama haujakauka," alisema, "wewe unafuata shati."

Nilimweleza. Maelezo yangu yalikuwa sahihi yote, na hakunitazama tena.

Kizuizini hakuna gari lililokuwa limepita. Yule mama alikuwa ameifua sare, ameianika, ameikunja. Alishangaa kuniona.

"Matanga yameisha?"

"Bado."

Alipokea kanzu yake, akanipa nguo zangu, akageuka kuendelea na kazi yake.

Baadaye nilipanda mpaka nikawa mkuu wa mafundi wa karakana ile, nikamjengea dada yangu nyumba ya bati, nikawasomesha wanawe wote, na hakuna mtu kijijini aliyewahi kufanya hivyo kwa mshahara wake mwenyewe. Dada ananipikia nikienda, ananitandikia. Lakini wageni wakimuuliza siku mama alipofariki watoto walikuwa wapi, husema yeye alikuwepo, na mimi nilipita.