Jiwe la Kukalia Sabasaba

Marcelina wa Bugwema hakuwa mtu wa sherehe. Lakini Sabasaba ya mwaka themanini na tatu, hata angeambiwa aende kwa magoti, angefika Musoma. Binti yake Hyasinta, wa darasa la tano, alikuwa amechaguliwa kucheza halaiki. Tangu mwanzo wa Juni alikuwa kambini mjini na watoto wa shule nyingine, wakifundishwa kuinama, kuinuka na kugeuka kwa pamoja. Mwezi mzima mama hajamtia mwanawe machoni. Na huyo ndiye mtoto pekee aliyeachiwa na Mungu.

Barua ilikuja kwa mkono wa mwalimu. "Mama, usikose. Mimi niko mstari wa kwanza, wa tatu kutoka kushoto. Ukae mahali pazuri unione." Marcelina alijifunza kusoma ukubwani, kwa shida, na barua ile aliirudia mpaka karatasi ikalainika kama kitambaa.

Alipanda lori la pamba, goti lake la kulia limevimba. Mjini akapokelewa na Esta, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mfagizi wa ofisi fulani na mjuaji wa kila kitu.

"Nikae pale mbele ya jukwaa," Marcelina alisema, "nimwone vizuri."

"Mbele ya jukwaa! Wewe wifi, na goti hilo? Jua likukaange, mgambo wakuswage kama kuku? Mimi nilikuwaga hapa kila mwaka, najua pa kukaa. Twende kwenye jiwe."

Jiwe lilikuwa upande wa pili wa uwanja, ng'ambo ya jukwaa la viongozi, pana na laini, limefunikwa na kivuli cha mwarobaini. Walifika jua linachomoza. Jamaa mmoja mnene, Silasi jina lake, alitaka kujibanza pembeni. Esta akamkata jicho: "Baba, jiwe hili lina wenyewe!" Silasi akanywea, akasimama nyuma yao. Marcelina akanyoosha mguu wake mbovu, akaegemea shina la mti. Lo, raha iliyoje! Mwaka ule wa kuogea majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, raha haikuwa kitu cha kukiachia.

Mgeni rasmi alichelewa. Watoto walipangwa uwanjani tangu saa moja. Saa nne ikapita, bado wamesimama juani, na kivulini watu wanatafuna karanga. Hatimaye magari yakaingia, gwaride la mgambo likapita, ngoma ikalia, halaiki ikaanza.

Marcelina akatafuta mstari wa kwanza, ule uliokuwa mbele yake pale. Moja, mbili, tatu. Kichwa kimenyolewa, shingo nyembamba, fulana ya njano.

"Yule pale! Wifi, yule pale mwanangu!"

"Namwona. Kweli kambi imemrefusha."

"Mbona wametupa mgongo?"

"Si wanamtazama mgeni rasmi," Esta akasema. "Watageuka tu."

Likaishia hapo. Mtoto wa tatu alipoinama, Marcelina aliinama; aliporuka, Marcelina aliinua goti lake bovu juu ya jiwe. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Kule mbali, karibu na jukwaa, mtoto mmoja akayumba, akaanguka chini. Wawili wa Msalaba Mwekundu wakambeba, mmoja mikononi, mwingine miguuni, kichwa kinaning'inia. Umati ukaguna.

"Watoto wa mjini hao," Marcelina akasema, na kicheko kikamponyoka. "Wamezoea mkate. Wa kwangu amekula ugali wa muhogo wa udaga, mtazame anavyosimama! Pole zake aliyemzaa huyo." Akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akaendelea kupiga makofi.

Halaiki ikaisha. Filimbi ikapigwa, watoto wakageuka wote pamoja, wakaanza kutoka kwa upande wa jiwe. Mtoto wa tatu kutoka kushoto akapita karibu kabisa. Alikuwa mvulana, mwenye mwanya na kovu kidevuni.

Marcelina aliwatazama wote, uso kwa uso, mpaka wa mwisho akapita. Hyasinta hakuwamo.

"Wifi," akasema taratibu, "mstari wa kwanza ni upi?"

 Esta akatazama kule kwenye jukwaa, alikoanguka yule mtoto.

Marcelina alishuka bila kuliangalia goti. Kwenye kamba iliyozungushiwa uwanja mgambo akamzuia kwa fimbo. "Mama, rudi. Hakuna kuvuka mpaka mgeni rasmi aondoke."

"Mwanangu ameanguka, baba. Nisaidie."

"Kila mtu ana mwanawe hapa. Rudi."

Mgeni rasmi alikuwa ndiyo kwanza anakohoa kwenye kipaza sauti. Alizungumzia kilimo, walanguzi, na kufunga mikanda. Saa nzima. Marcelina alisimama kwenye kamba, jua utosini, akilia kama mtoto, na Esta nyuma yake akirudia "nisamehe wifi, nisamehe" mpaka neno likachuja. Silasi alikuwa ameshakaa juu ya jiwe, miguu ameinyoosha.

Hyasinta walimkuta ndani ya hema, juu ya mkeka, midomo imepasuka, kiwiko kimefungwa bendeji. Tangu jana usiku alikuwa hajala. Uji wa kambini ulikwisha kabla zamu yao haijafika.

"Mama, nilikutafuta pale mbele pote. Nilikuwa nageuza shingo tu, mwalimu ananifokea. Ulikaa wapi?"

"Kwenye jiwe, mwanangu. Kule ng'ambo."

"Pazuri?"

"Pazuri."

"Uliniona nikianguka?"

Marcelina hakujua kumdanganya mtoto huyu, hajawahi. "Nilikuona," akasema.

"Sasa mbona hukuja?"

Marcelina akapiga magoti, lile bovu na lile zima, akaanza kumpangusa vumbi miguuni kwa ncha ya khanga.