Vijitabu Visivyo na Jina

Mchana Mama Taipu alipiga taipu ofisi ya bima. Jumapili alitupigia sisi. Mimi nilikuwa msambazaji wa vijitabu tu, miguu yangu ina elimu kuliko kichwa. Tulikutana chumba cha nyuma cha fundi cherehani, watu tisa, tukizungumza habari za mtu mweusi: nani alitufundisha kujidharau, nani anakula jasho letu, na watoto wetu tutawaachia akili gani. Mama Taipu aliandika yote. Chini ya kijitabu hakuweka jina la mtu. Ndiyo ilikuwa sheria yetu: neno likishatoka chumbani ni la wote, hata la ambao hawajazaliwa. Tena polisi wakija, hakuna wa kubebeshwa peke yake.

Mtoto wa marehemu dada yake Mama Taipu alikulia chini ya meza ile ile ya taipu, akajifunza herufi kwenye karatasi zilizoharibika. Alipofaulu kwenda kusoma mbali, akaviomba vijitabu.

"Nivitunze, mama mdogo. Hapa panya watavimaliza."

Tukamfungia vyote sandukuni, hatukubakiza hata kimoja. Angekuwa mtu baki tungefikiri mara mbili. Huyu alikuwa wetu.

Miaka ikapita, kitabu kikatoka. Jalada jekundu, picha ya yule kijana wetu, jina lake na udokta wake. Tukaalikwa ukumbini, tukakaa nyuma kabisa. Akasoma: "Mikono yetu inafua shati, mwenye shati anatuita wachafu."

Dobi aliyekaa kando yangu, mtoto wa mmoja wa wale tisa, akanipiga kiwiko. "We mzee, si maneno ya marehemu mama yangu hayo?"

"Ni yake."

"Mbona anayasoma kama kayaota yeye?"

Makofi yalipokwisha, Mama Taipu akamfuata mbele.

"Mwanangu, sisi tuko wapi humu?"

"Ukurasa wa mwisho, mama mdogo. Nimewashukuru wazee wa mtaani."

"Wazee wa mtaani ndio nani?"

Akacheka kidogo, akatazama saa. "Sasa ningemtaja nani? Nyinyi wenyewe hamkuweka majina."

Mama Taipu angesema, "Ni mimi niliyeandika," angekuwa amefanya yale yale: kulifanya neno la wote kuwa lake. Kijana akamwandikia kwenye nakala, "Kwa mama mdogo mpenzi," akaenda kupiga picha na wakubwa.

Jumapili iliyofuata binti wa dobi alikuja na wafagiaji wenzake kueleza shida zao. Mama Taipu akapiga mpaka mstari wa mwisho, akasimamisha vidole.

"Haya, tajeni majina yenu."

"Na ile sheria, bibi?"

"Polisi tuliwaweza, mjukuu wangu. Wa kwetu ndio wametushinda. Tajeni."

Hawajafika hata jina la tatu, wawili wakaanza kugombania nani atangulie. Zamani angewakemea. Safari hii aliweka mikono juu ya mashine, akangoja wamalize.