Kilima Kimoja Tu

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na tangu ulipokuja juzi imenirudia hata usingizi siupati vizuri. Uliniletea piko, ile rangi nyeusi ya nywele, boksi dogo, ukasema nijipake kichwani kwa sababu mvi zimekuwa nyingi na siku hizi watu si wazuri, mwenye mvi wanamwita mchawi. Nikakushukuru. Kisha ukakaa kunywa chai, ukalalamika kuwa hicho kigari chako cha mtumba kinagonga chini na fundi haoni kitu. Halafu ukacheka, ukasema labda ni yule bibi wa ng'ambo ya barabara yako amekitazama kwa jicho baya. Ulikuwa mzaha, najua. Lakini ulipoondoka nilikaa na kikombe chako mkononi muda mrefu bila kukiosha.

Ulimwengu wa siku hizo haukuwa tofauti sana na huu. Nilikuwa nimeolewa hapa Jilore si muda mrefu, wewe hujazaliwa. Baba yako Charo alikuwa ameachiwa gari na marehemu baba yake, gari refu la mlango wa nyuma, rangi imebabuka, viti vimetoka magodoro. Alilifanya la abiria. Asubuhi alipeleka akina mama na mihogo yao soko la Malindi, jioni akawarudisha na unga na sukari. Gari hilo ndilo lililotulisha, na hatukuwa na kingine cha kutegemea.

Kabla hujafika kwetu, pale barabara inapoanza kupanda, alikaa mdogo wake baba mkwe wangu. Sote tulimwita Baba Mdogo. Mkewe alikuwa ameshafariki, kaburi lake liko pale pale nyuma ya nyumba, na binti yao wa pekee, Sidi, aliolewa Mnarani. Alikuwa mzee wa maneno machache, kichwa cheupe chote, na mwavuli mweusi ambao hakuuacha hata kiangazi. Nikipita na mzigo alinitania: "Mkaza mwanangu, kikapu ndicho kilichokubeba ama wewe ndiye uliyekibeba?" Nilikuwa mgeni katika ukoo ule, na yeye alikuwa wa kwanza kunifanya nicheke. Nilimpenda sana.

Miezi michache baada ya matanga ya baba mkwe, gari likaanza kulia.

Ilikuwa kelele ya bati, ya haraka haraka, kama mtu anatikisa sufuria yenye mawe chini ya miguu yako. Na ilikuwa na mahali pake. Njia nzima kutoka Malindi gari lilikuwa kimya. Likifika mbele ya nyumba ya Baba Mdogo, linaanza. Likimaliza kilima, linanyamaza. Mwanzoni tulicheka. Charo akalipeleka kwa fundi Malindi, fundi akaliendesha kwenye lami, akasikiliza, akagusa hiki na kile, akasema gari ni zima. Akalirudisha tena wiki iliyofuata, akapewa jibu lile lile.

Sasa jiweke mahali pa baba yako. Baba yake amekufa ghafla. Gari ni la marehemu. Fundi hasikii kitu. Na kila akipita mbele ya mzee mmoja mwenye mvi, chini kunagonga. Abiria walianza kutazamana. Siku moja mama mmoja akasema, si kwa kunong'ona sana, "Hapa pana mtu." Baada ya hapo baadhi yao wakawa wanangoja gari jingine, hata kama ni kungoja mpaka jua liwachome.

Baba yako hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Aliingiwa na hofu, na mtu aliyeingiwa na hofu haulizi tena kilichoharibika, anatafuta aliyeharibu. Akaacha kusimama kumwamkia Baba Mdogo. Mtoto wa ndugu kumpita baba yake mdogo bila shikamoo, wewe unajua huku kwetu jambo hilo linavyoonekana. Mzee alikuwa akiinua mkono kama kawaida, na gari likimpita na vumbi lake. Nami nikikaa kiti cha mbele, natazama magoti yangu.

Basi Jumamosi moja Charo na vijana wenzake wakaliinua gari kwa jeki, wakalikingia mawe, wakaingia chini na tochi. Walitoka na kipande cha waya kilicholiwa na kutu. Upande mmoja waya ulikuwa umezungushiwa kitambaa cheusi, kikafungwa fundo gumu. Kijana aliyekuwa amekishika alikitupa chini kana kwamba kimemchoma. Charo akainama, akakigeuza kwa kijiti, akasema polepole, "Hiki ni kitambaa cha mwavuli."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Mwavuli wa Baba Mdogo ulikuwa umechanwa upande mmoja, chuma kiko wazi, na sote tulikuwa tumeuona mara nyingi bila kujali.

Walikwenda mchana ule ule, kundi zima, nasi wanawake tukafuata nyuma. Tulimkuta anamenya mihogo. Aliinuka akitaka kutafuta viti vya wageni.

"Usijisumbue na viti," Charo akamwambia, akamwonyesha kile kitambaa. "Hiki ni cha mwavuli wako ama si chako?"

Mzee akakitazama. "Ni cha mwavuli wangu."

"Kilifikaje chini ya gari langu?"

"Siku ile mimi na marehemu baba yako..."

Hakumaliza. "Amekiri!" mtu alipiga kelele. "Mnamsikia? Anamtaja na marehemu!" Baada ya hapo zilikuwa kelele tupu, na fimbo zimeinuliwa, na mimi nikidhani ninaona mtu akifa mbele ya macho yangu. Nasema ukweli, nilijikojolea. Wazee wawili wa kijiji ndio waliokuja mbio wakasimama katikati. Walichoweza kumwombea ni kuwa asiguswe, lakini kesho yake awe ameondoka.

Aliondoka Jumapili asubuhi, watu wanakwenda kanisani. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara alipopanda bodaboda na kibegi kimoja. Mwanzoni sikumtambua. Kichwa chake kilikuwa cheusi ti. Alikuwa amejipaka piko mwenyewe, bila kioo nadhani, likamchuruzika nyuma ya masikio hadi kwenye kola ya shati lake jeupe. Alijua huko njiani hakuna anayemfahamu, na kichwa cheupe tu kingetosha kumletea balaa jingine. Nilisema shikamoo kwa sauti ambayo mwenyewe sikuisikia vizuri.

"Marahaba, mkaza mwanangu," akaitikia. "Kuku wangu uwape maji."

Jumatatu abiria wote walirudi. Walipanda wakizungumza kwa furaha, wengine wakimpa Charo pole na hongera kwa pamoja. Jioni tukarudi, gari limejaa watu na mizigo. Tulipofika mbele ya ile nyumba tupu, gari likaanza kupanda, na chini kukalia. Kelele ile ile, pale pale. Mazungumzo yalikatika. Nyuma yangu mama mmoja alianza kusali, na kelele ikatusindikiza mpaka juu.

Tulipofika nyumbani nikamwuliza mume wangu, "Sasa utamfukuza nani?" Lilikuwa neno kali la kwanza nililomwambia tangu anioe. Usiku ule hakula.

Mimi ndiye niliyemleta fundi wa Gede. Alikuwa mtu wa bara, hajui ukoo wetu wala habari zetu, na nilimsihi jambo moja: asilitazame gari gereji kwake, aje alipande mpaka hapo linapolia. Alikuja. Gari lilipoanza kelele alimwambia Charo asimame pale pale kilimani. Akatandika gunia, akaingia chini, akagonga kwa spana mara moja, nasi tukaisikia ile sauti.

"Ni bati la kuzuia joto, hili la juu ya ekzosi, bomba la moshi," alisema akiwa huko chini. "Limeshikwa upande mmoja tu. Kwenye lami tambarare injini haina taabu, bati limetulia. Hapa mnapanda na mzigo, kwa gia ya pili, ekzosi inatetemeka na bati linapiga. Kwenye kilima chochote lingelia. Ni vile nyinyi mna hiki kimoja tu."

Kisha akatoa kichwa. "Kulikuwa na waya hapa, naona alama yake. Na aliyeufunga alikuwa mwangalifu sana, lazima aliuzungushia kitu laini, maana unapita juu ya bomba la breki. Angeuacha hivi hivi ungelikata siku moja mkiwa na watu ndani. Ule waya uko wapi?"

Baba yako alikaa chini kwenye vumbi, mbele ya nyumba ya baba yake mdogo, akajifunika uso. Fundi aliniangalia mimi, akidhani amesema neno baya.

Tulikwenda Mnarani wote wawili, kwa Sidi, ambako mzee alikuwa amekimbilia. Sidi alitufungulia mlango, akamwona Charo, akaingia ndani bila salamu. Baba Mdogo alikuwa amekaa kibarazani, nyuma ya chumba alichokuwa amepanga Sidi. Piko lilikuwa limeanza kuisha, mvi zimechomoza chini yake. Charo akapiga magoti, akalia kama mtoto.

"Nimekusamehe," mzee alisema. "Wewe ni mtoto wa ndugu yangu."

"Basi turudi nyumbani, Baba Mdogo. Gari liko hapa nje."

Mzee akamwinua kutoka magotini. "Siku ile tulilala chini ya hilo gari, mimi na baba yako, mafuta yanatudondokea usoni, tunacheka. Kitambaa hatukuwa nacho, nikauchana mwavuli. Ndilo nililotaka kukwambia. Uliniuliza, mwanangu, lakini hukungoja jibu."

Charo alirudia tena kuwa turudi, kwamba kila mtu sasa anajua.

"Nikirudi," Baba Mdogo alisema, "kila kitakacholia pale kijijini nitaulizwa mimi. Mbuzi akifa, mimi. Mtoto akikohoa, mimi. Leo wamejua ni bati. Kesho? Nimechoka kujibu. Niacheni hapa."

Hakuwa na hasira aliposema hivyo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Tulirudi sisi wawili, na kiti cha nyuma kitupu.

Alifariki kule kule kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Sidi alikubali azikwe Jilore kando ya mkewe, na mwili ulirudi kwa gari lile. Charo aliendesha, mimi mbele, jeneza nyuma. Vijana wale wale walisimama kando ya barabara wamevua kofia. Tulifika kilimani, Charo akaingiza gia ya pili, nami nikakaza mikono nikisubiri. Gari lilipanda kimya kabisa. Fundi wa Gede alikuwa amelifunga vizuri. Katika maisha yangu sijawahi kutamani kelele kama nilivyoitamani siku ile.

Mwaka ule ule ulizaliwa wewe, na baba yako akakupa jina. Ulikuwa unajua unaitwa Katana kwa ajili ya babu yako mdogo. Jinsi alivyotoka kwake hukuwahi kuambiwa, kwa sababu baba yako hakuweza kulisema mpaka anaingia kaburini, na mimi nilimsitiri. Sasa nimekwambia.

Basi nisikilize, Katana. Gari likigonga, mchukue fundi mpaka pale linapogonga, asikilize hapo hapo. Usiridhike na aliyelitazama mahali lisipolia. Ukiwa na shaka na mtu, mwendee ungali unamsalimia, maana ukishaacha kumsalimia hata akikwambia kweli hutaisikia. Ukimwuliza swali, kaa, funga mdomo, umngoje amalize. Wakipiga kelele wengine, wewe sema nyamazeni amalize. Mimi nilikuwa pale na sauti ninayo, na sikulisema. Na ukweli ukija nyuma ya mtu aliyekwisha kufukuzwa, unamkuta hana tena haja nao. Tulimpelekea wetu mpaka mlangoni akaukataa.

Piko lako nimeliweka kabatini. Sitajipaka, mwanangu, na usiniulize tena. Lakini ukiondoka kwako kesho kwenda kazini, vuka barabara kwanza umwamkie yule bibi. Usimweleze lolote kuhusu gari. Mwambie shikamoo, umngoje aitikie.

Mungu akulinde barabarani. Akupe uzee mrefu, kichwa chako kiwe cheupe chote, ukae uani kwako mchana kweupe, na asitokee mtu wa kukuogopa.